Brigedia Jafari Namangaya: Msiba Wako Bado Haujafagiwa

Kabla ya adhana ya alfajiri, nyumba ya Mahurunga ikiwa bado giza, mkeka unachakarika sebuleni. Ni Mama anageuka upande. Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na mwaka wote huo mkeo analala chini. Kitanda chenu kimetandikwa, shuka limenyooshwa pembe kwa pembe kama ulivyotufundisha, na hakuna anayekilalia.

Eda aliimaliza zamani. Sheikh alikuja mwenyewe kumwambia, "Bi Husna, inatosha sasa, rudi kitandani kwako." Mama akamjibu kwa adabu, macho ameyainamisha: "Eda ya dini nimeimaliza sheikh, Alhamdulillahi. Lakini msiba wenyewe bado uko uwanjani. Haujafagiwa."

Wewe unajua anachosema. Kwa ajili ya wanaosoma na si wa kwetu, tuseme kidogo. Ukoo wetu na ukoo wa Mzee Idrisa ni watani tangu enzi za mababu. Akifa mtu wetu, wao ndio wanaokuja kututukana. Ndio wanaotuzibia njia ya makaburini na kutuchekesha wakati machozi hayajakauka. Arobaini ikifika wao ndio wanaoshika fagio, wanazoa majivu ya jiko la msiba, na kumwinua mjane kwenye mkeka kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sisi wenyewe majivu yale hatuyagusi. Takataka za kila siku tunafagia, lakini pale nyuma ya nyumba palipopikiwa wageni wako, mafiga bado yamesimama, na mvua za masika zimeyashindilia majivu yakawa magumu kama sakafu. Watani hawakuja arobaini. Hawajaja hata siku moja tangu mazishi.

Mimi Farida, binti yako, ndiye niliyepewa kalamu. Kaka Kassimu alisema, "Andika wewe, mimi mkono unakataa." Nikamuuliza kama niandike yote. Akasema, "Yote. Na langu pia."

Tuanze na yale ambayo kila mtu anayajua. Uliondoka Mahurunga ukiwa kijana mwembamba mwenye matege, wewe na Idrisa, mkiwa na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kwenye kitambaa, mkaenda kwa miguu hadi Mtwara mjini kujiandikisha jeshi. Wewe ukachukuliwa. Idrisa akaambiwa kifua chake hakijafikia kipimo. Angekuwa mtu mwingine angekaa na kinyongo maisha yake yote. Yeye alirudi kijijini akatangaza kwamba jeshi limemwogopa. "Waliona nikiingia mimi, wakubwa wote watakosa kazi," alisema. "Wakamchukua Jafari, maana mtu wa kufua soksi naye anatakiwa."

Vita vya Kagera vilikukuta luteni kijana. Ukarudi kapteni, na kovu kwenye bega ambalo hukupenda tuliguse. Ukawa meja, ukafundisha maofisa wapya, ukaongoza kikosi, ukawa kanali. Mwisho ukafika brigedia jenerali, mtu wa kwanza kutoka kijiji chetu kuvaa cheo hicho. Tuliokulia kambini tulizoea kuona watu wazima wakikakamaa ukipita. Hata paka wa kambi, Kaka Kassimu alikuwa akisema, alikuwa anapiga saluti.

Lakini sisi tulikujua kwa brashi. Kila siku ulipiga viatu vyako rangi mwenyewe. Askari wa kukuhudumia alikuwepo, lakini hukumpa. Ulisema mtu asiyeweza kuinama hadi kwenye viatu vyake mwenyewe asipewe watu wa kuwaongoza. Tulikujua pia kwa swali lako. Askari akikosa, akiletwa mbele yako anatetemeka, humuulizi kosa kwanza. "Mama yako anaitwa nani?" Akitaja, unamwambia: "Haya. Leo umemfanyia nini Bi Fulani?" Wengi walilia pale pale. Msibani kwako alikuja baba mmoja mwenye mvi, alikuwa koplo wako zamani, akatuambia hakumbuki adhabu uliyompa, ila mpaka leo akitaka kufanya upuuzi anasikia unamuuliza jina la mama yake.

Na mimi, Baba. Nilipopata mimba kabla ya kumaliza shule, majirani zetu wa Magomeni, tulikokuwa tukiishi wakati ule, walikaa mkao wa kusikiliza. Walingoja brigedia apige risasi. Ulikula chakula chako cha usiku, ukanawa mikono. Kisha ukasema, "Askari akianguka kwenye gwaride, gwaride halimsubiri, lakini na yeye hakatazwi kuinuka." Pendo alipozaliwa ukaniandikisha masomo ya jioni, na nilipokuwa darasani wewe ndiye uliyembeba. Walimu walizoea kukuona nje ya dirisha, jenerali mstaafu na nepi begani, unatembea kwa hatua zile zile za uwanja wa gwaride ili mtoto alale. Cheti changu kiko ukutani leo. Nakiangalia nikiwa nimechoka, nachukua tena kitabu.

Sasa niseme habari ya Idrisa, maana pasipo yeye habari yako haijakamilika.

Kila ulipopanda cheo huko, yeye alijipandisha huku. Ulipokuwa kapteni alikuuliza, "Kapteni wa nini, wa kuku?" Siku uliyokuja nyumbani mara ya kwanza na cheo cha brigedia, na dereva, na walinzi kwenye gari la nyuma, mzee yule alisimama katikati ya barabara ya Mahurunga, mpini wa jembe begani.

"Simama! Nani anapita?"

Dereva akafunga breki. "Mzee, pisha, huyu ni Brigedia Jenerali Namangaya."

"Simjui. Hapa kijijini alitoka kuruta mmoja wa matege. Ndiye?"

Walinzi walikuwa wameshashuka. Ukawazuia kwa mkono. Ukafungua mlango mwenyewe, ukasimama mbele yake na viatu vyako vinang'aa, ukasema: "Ndiye, afande."

"Umechelewa kuripoti. Chota maji!"

Na ukachota. Ulibeba ndoo kutoka kisimani mpaka kwake, ukiwa na gwanda kamili na nishani kifuani, maji yanakumwagikia, watoto wanakufuata wakishangilia, na walinzi wako hawajui watazame wapi. Idrisa alikuwa nyuma anahesabu hatua: "Kushoto, kulia! Nyanyua hayo matege!"

Nilikuuliza baadaye kwa nini unakubali. Ukaniambia, "Mwanangu, huku nilikofika hakuna anayeniambia ukweli. Nikisema jua limechwa saa sita mchana wataniambia ndiyo afande. Idrisa peke yake ndiye anayeniambia nimenenepa."

Kuna jambo jingine, na hili hatukuwahi kulisema nje ya nyumba. Ulikwenda na vijana wako kulinda amani nchi ya mbali, na si wote uliorudi nao. Hukutuambia kilichotokea. Ulirudi, ukakaa kwenye kiti cha barazani. Chakula kilipoa mbele yako. Wakubwa wenzako walikuja kukupa pole, ukawashukuru kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mama aliogopa. Alificha bastola yako kwenye pipa la unga wa muhogo, jambo ambalo ulilijua na hukumuuliza.

Ndipo alipotuma watu kwa Idrisa. Mzee alikuja, hakukupa pole. Alijilaza mbele ya mlango kama mbwa, akaanza kukutukana. Alikutukana kutwa nzima. Alitukana matege yako, mapishi ya mkeo, babu yako aliyekimbia nyuki. Jioni akasema, taratibu kidogo: "Kuruta, wale watoto walikuwa na mama zao. Nawe unajua majina yao yote. Sasa unakaa hapa kama gogo, nani atakwenda kuwaambia?" Tukasikia sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwako. Ulilia kama mtoto, Baba, na Idrisa alikushika kichwa huku bado anakutukana. Wiki ile ile ukaanza safari ya nyumba moja hadi nyingine, mkoa kwa mkoa, kuwaona wale kina mama. Uliporudi uliomba ugali.

Siku ile ndiyo ulimwambia Mama, "Nikifa, mwacheni Idrisa afanye analotaka." Ulimwambia yeye peke yake. Kaka Kassimu alikuwa shule ya mbali, kisha chuo, kisha ofisini Dodoma. Hakuwahi kulisikia.

Tunafika sasa siku yenyewe.

Walikuja watu ambao Mahurunga haijawahi kuwaona kwa pamoja. Maturubai yalijaa. Wakuu walikaa mbele, suti nyeusi na gwanda za sherehe, joto la kwetu linawatoa jasho. Jeneza lako lilifunikwa bendera. Vijana sita walikubeba begani, hatua moja, hatua ya pili, na kapteni kijana aliyeongoza gwaride la heshima alikuwa mbele.

Mzee Idrisa akatokea njia ya mikorosho. Alivaa gunia. Kichwani alikuwa na sufuria, na kifuani alijipachika vizibo vya soda kama nishani. Alipofika mbele ya jeneza alijilaza chini, akaziba njia nzima.

"Huyu haendi popote! Hana ruhusa ya likizo! Nani kamsainia?"

Watu wakaanza kucheka. Kina mama waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia, kile kicheko kinachouma kooni. Akagonga jeneza kwa kidole: "Kuruta, amka! Ulizoea kutoroka zamu tangu zamani. Leo umetoroka moja kwa moja?"

Kapteni alisimamisha vijana wake. Hatumlaumu hata kidogo, maana yeye alitambua haraka kuliko sisi. Alimnong'oneza Kaka Kassimu, "Kaka, huyu ni mtani? Hata kwetu watani huja msibani. Tusubiri wamalizane?"

Kaka Kassimu aliangalia wale wakubwa kwenye turubai. Mmoja alikuwa amekunja uso, au labda ni jua tu. Mpaka leo hajui. Akajibu, "Kwetu mambo hayo tumeshayaacha. Mwondoeni taratibu."

Vijana wawili wakamwinua mzee kwa makwapa. Hakushindana nao. Vizibo vikadondoka kimoja kimoja. Walipomweka pembeni alikung'uta gunia lake, akavua sufuria kichwani, akamtazama Kaka Kassimu, akasema kwa heshima kamili: "Samahani sana, mheshimiwa."

Akaondoka. Nyuma yake wakaondoka watu wa ukoo wake wote. Wanawake waliacha vyungu vikichemka, wanaume wakaacha makoleo pale kaburini.

Mama alikuwa ndani na kina mama. Alisikia kicheko kikikatika. Akauliza, "Mbona wamenyamaza? Idrisa yuko wapi?"

Risasi za heshima zilipigwa hewani, ndege wakaruka kwenye mikorosho. Ulizikwa vizuri, Baba, kwa dua na kwa saluti. Ila ulizikwa kimya, na Mama anasema huko uliko unashangaa kwa nini hakuna aliyekutukana.

Kaka Kassimu alipoambiwa habari ya wosia wako, alikaa chini. Nimemwona kaka yangu akiumwa, nimemwona akifukuzwa kazi na kurudishwa, lakini sijawahi kumwona vile. Mwezi uliopita alichukua likizo, akavaa kanzu, akabeba sukari na doti ya kitenge, akaenda kwa Mzee Idrisa kuomba radhi.

Alirudi mapema mno. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakaa kwenye figa moja mbele ya yale majivu.

"Kakutukana?" nilimuuliza, na moyo wangu ulikuwa na matumaini.

"Amenipa kiti, Farida."

"Nini?"

"Kiti! Alikifuta kwa kanzu yake. Akaniuliza habari za safari, habari za Dodoma, kama watoto wanasoma vizuri. Akaniletea chai. Nikamwambia, mzee, nimekukosea, nipige. Akasema, hujanikosea mheshimiwa, ulikuwa na wageni wako. Nikamwambia basi nitukane, mzee wangu, nakuomba." Akanigeukia. "Akaniambia, nitamtukanaje mtu nisiyemjua?"

Wanaosoma wanaweza kuona ni jambo dogo mtu kupewa kiti na chai. Wa kwetu wanaelewa. Mtani akikuheshimu, amekufungia mlango.

Mama alisikia yote kutoka sebuleni. Hakumlaumu mwanawe, hajawahi. Alisema tu, "Basi nitazeeka hapa hapa chini." Na usiku ukaingia, na mkeka ukaanza kuchakarika.

Baba, Mama anakohoa sasa. Sakafu ni baridi na mifupa yake si ya ujana. Tumemwambia alale kitandani, akishaamka tutasema hatukuona. Alitutazama kwa macho yale anayotutazamia tukikosea sala. Kwake yeye akipanda kitandani msiba haujafagiwa, basi amekufukia kama mtu asiye na watu wake. Tunamwogopea. Hilo ndilo linalotushughulisha mwaka huu, kuliko kaburi la marumaru, kuliko picha yako kubwa iliyotengenezwa mjini.

Ijumaa hii, baada ya sala ya mchana, tutakusomea hitma nyumbani Mahurunga. Ndugu, majirani, askari wenzako na rafiki zako wa Mikindani wote wanakaribishwa. Mzee Idrisa na watu wake hatuwaaliki, kwa sababu mtani haalikwi. Tunasema tu kwamba njia ya mikorosho iko wazi, na safari hii hakuna atakayemgusa mtu. Kaka Kassimu ameapa kwamba hata mzee akilalia mlango mpaka Jumapili, tutaruka juu yake.

Sisi bado tunafanya uliyotufundisha. Tunainama hadi kwenye viatu vyetu. Tunaulizana majina ya mama zetu tukitaka kukosa. Miye nimeanza kufundisha wanawake wengine wawili wa mtaani kusoma, jioni, watoto wao wakiwa wamelala mapajani mwao. Nadhani ungefurahi, halafu ungewakagua kama wamekaa wima.

Mwenyezi Mungu akurehemu na kulipanua kaburi lako. Huna siku utakayotoka midomoni mwetu, Baba, hata tukizeeka tukasahau majina yetu.

Unakumbukwa na mkeo Bi Husna, aliyekusindikiza kambi kwa kambi na bado anasubiri amalizie kukusindikiza. Na mwanao Kassimu na mkewe Halima. Na mimi binti yako Farida. Na ndugu zako wote wa Mahurunga, Magomeni na Mikindani. Na askari uliowalea.

Na wa mwisho, mjukuu wako Pendo, ambaye jana nilimpeleka kwa Mzee Idrisa. Nilikwenda kumpasha habari za hitma, mkono mtupu, bila maneno ya kupanga. Alikuwa anabangua korosho. Akainuka, akatafuta viti viwili, akaviweka kivulini. "Karibu binti wa marehemu. Karibu na wewe mjukuu." Nilikaa nikiwa nimeinamisha kichwa. Pendo hakukaa. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akamkagua mzee kuanzia msuli hadi kofia.

Nakwambia kwanza mwisho wake, Baba, maana najua huwezi kuvumilia. Alicheka. Mzee alicheka mpaka korosho zikamwagika, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kitu kingine, akajifuta macho kwa ncha ya msuli. Hakusema atakuja, nami sikumuuliza. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono nimzibe mtoto mdomo, nikaurudisha, nikamwacha amalize. Mwanangu alimwambia hivi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani:

"Babu, wewe ni mvivu, hujaja kufagia kwetu."